Moto Katika Nyumba ya Kupanga

Ndugu msomaji, ukiiacha njia kuu iendayo Moshi kutoka Same, ukaipanda milima ya Upare mpaka Usangi, utafika Kighare. Ni mahali pa migomba na maji ya mlimani, na baridi yake ya mwezi wa Julai huwatia adabu watu wa pwani tuliozoea kulala na shuka moja. Uislamu ulipanda milima hii pamoja na wafanyabiashara wa pwani waliopita na misafara yao, na leo adhana husikika huko kama isikikavyo Tanga au Pangani.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mgeni huko kwa wakwe zangu, nikawakuta watu wana neno moja tu midomoni. Mwalimu wa shule, kijana aliyehamishiwa huko kutoka pwani, alikuwa amepanga vyumba viwili katika nyumba ya bati yenye dari ya mbao. Kodi ya miezi sita alikwisha kuilipa kwa mkupuo, kama ilivyo ada siku hizi. Mkewe alikuwa mzazi wa wiki chache. Mwezi wa tatu wa kukaa kwao, siku ya ukungu ambayo nguo hazikauki nje, yule mama aliingiza jiko la mkaa chumbani, akaliweka juu ya kipande cha bati, akatanda nepi za mtoto kwenye kamba juu yake, kisha akambeba mtoto mgongoni akaenda kuchota maji. Aliporudi alikuta moshi unatoka chini ya mlango. Majirani waliuzima moto kwa ndoo, na hapana aliyeumia, Alhamdulillahi. Lakini dari ya chumba kile iliteketea, mlango uliungua, na mabati manne yalipinda kwa joto.

Nyumba ile haikuwa ya tajiri. Mwenyewe alikuwa amefariki, ameacha mjane na watoto, na wawili kati yao walikuwa hawajabaleghe. Kodi ile ndiyo iliyowanunulia watoto madaftari na sare. Basi shemeji wa mjane alisimama akasema mwalimu na alipe dari mpya, mlango mpya na mabati mapya. Mwalimu naye akasema moto ni kadari ya Mungu, na kama ni kulipana basi yeye ndiye wa kurudishiwa kodi ya miezi mitatu iliyobaki, maana chumba hakikaliki. Wazee wakafanya walifanyalo wazee siku zote, wakasema: sameheaneni.

Hapo ndipo mwalimu wa madrasa, mzee mpole asiyependa makuu, alipotoa neno lililonyamazisha baraza. Alisema mali hii ina mayatima ndani yake. Ikiwa kijana huyu anadaiwa, basi hapana hata mmoja wetu hapa, wala mama yao, mwenye haki ya kumsamehe sehemu ya watoto. Na ikiwa hadaiwi, basi kila shilingi tutakayomtoza kwa huruma ya mayatima ni mali ya mtu iliyoliwa kwa batili. Kwa hiyo suluhu ya kukata mti katikati haitufai. Lazima tujue kwanza haki iko wapi.

Nimelibeba neno lile tangu siku hiyo, nikalifuatia vitabuni na katika sheria za serikali, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kitabu kimoja kilichosomwa sana katika fikihi ya Kishafii huku kwetu, kuanzia Lamu hadi Kilwa na visiwani, ni Minhaji ya Imamu Nawawi. Huyu ni yuleyule mwenye Riyadhu Swalihina na Arubaini, aliyezaliwa Nawa katika nchi ya Sham mwaka 1233 na kufariki mwaka 1277. Katika mlango wa ijara, yaani kukodisha, Nawawi anaweka msingi mmoja ambao mengine yote yamejengwa juu yake: mkono wa mpangaji ni mkono wa amana. Kitu kilichokodiwa kikiharibika mikononi mwake bila ya yeye kuvuka mpaka wala kuzembea, hana dhamana. Akivuka mpaka, kama aliyepanga nyumba ya kulala akaifanya karakana ya mhunzi, au akizembea katika kuilinda, basi amana imevunjika na malipo yamemkalia shingoni.

Watu wengi husikia jambo hili wakastaajabu. Husema, je, mtu akae katika nyumba yangu, iungue akiwa ndani, kisha aondoke mikono mitupu? Jawabu la wanavyuoni ni kwamba mwenye nyumba hakuitoa bure. Bwana Mtume (s.a.w.) alifundisha ya kwamba pato hufuatana na kubeba hasara ya kitu. Mwenye kula kodi ya nyumba ameikubali pamoja na kodi hiyo hatari ya nyumba yake, kama vile mwenye jahazi apokeaye nauli akijua kwamba bahari ni bahari. Huwezi kuchukua tamu ukamwachia mwenzako chungu.

Nao wametoa mfano ambao mimi kila nikiupitia hutabasamu, kwani ni kama umetungwa kwa ajili ya mabaraza yetu ya kahawa. Mtu amemwendea muuza maji sokoni, akapewa gudulia anywe, likamponyoka likavunjika. Je, alipe nini? Wanavyuoni wa Kishafii wamesema: ikiwa aliomba maji ya bure, atalipa gudulia wala hatalipa maji. Na ikiwa alikunywa kwa kulipia, atalipa maji wala hatalipa gudulia. Maana katika hali ya kwanza gudulia ni la kuazima, na katika hali ya pili ni kama la kukodi. Chombo ni kilekile, mkono ni uleule, na bahati mbaya ni ileile. Kilichobadili hukumu ni kwamba mwenye chombo katika hali moja alipokea malipo, na katika hali nyingine hakupokea kitu.

Tazama basi jinsi mambo yalivyopinduka kinyume cha tunavyodhani majumbani mwetu. Nduguyo amekupa nyumba yake ya Tanga ukae bure mpaka atakaporudi kutoka Maskati. Wewe unajiona huru kuliko mpangaji, kwa kuwa hakuna mtu anayekugongea mlango mwisho wa mwezi. Kumbe kwa madhehebu ya Shafii wewe ndiye mwenye mzigo mzito zaidi, kwani aliyeazimwa hubeba dhamana hata kama hakuzembea, isipokuwa kwa yale yanayochakaa kwa matumizi aliyoruhusiwa. Dalili yao ni kisa cha Hunayn, mwaka wa 8 wa Hijra, Mtume alipoazima deraya kwa Safwan bin Umayya, ambaye wakati huo alikuwa bado hajasilimu. Safwan aliuliza kama anapokonywa. Mtume akamjibu kwamba sivyo, ni azima yenye dhamana. Na imepokewa kwamba baadhi ya deraya zile zilipopotea, Mtume alijitolea kuzilipa, na Safwan akakataa kupokea kwa kuwa moyo wake ulikwisha kuingia nuru nyingine. Wahanafi hawakubaliani na Mashafii katika jambo hili, wao wanasema azima nayo ni amana. Lakini katika kupanga kwa kodi, Mashafii na Wahanafi wamekutana, na Dola ya Uthmaniyya ilipoziandika hukumu zake katika kitabu cha Majalla, baina ya 1869 na 1876, iliweka waziwazi kwamba kitu cha kukodi ni amana mkononi mwa aliyekikodi.

Mwenye nyumba naye amepangiwa yake. Juu yake ni kukabidhi ufunguo. Juu yake ni matengenezo ya jengo, na asipoharakisha kutengeneza, mpangaji ana hiari ya kuvunja mkataba. Katika Minhaji mna hata mas-ala ya theluji: ikianguka juu ya paa, kuiondoa ni kazi ya mwenye nyumba, na ikiwa uani, ni kazi ya mpangaji pamoja na taka zake. Wanafunzi wa vyuo vyetu vya pwani wamekuwa wakisoma maneno haya kwa karne nyingi bila ya kuiona theluji kwa macho, ila wale wachache waliowahi kupita chini ya Kilimanjaro asubuhi isiyo na mawingu. Lakini maana imetufikia sawasawa: paa ni la mwenye nyumba na ufagio ni wa mpangaji. Tia mvua ya masika mahali pa theluji, na makuti au bati linalovuja mahali pa sakafu ya juu ya Sham, utaona hukumu inatembea yenyewe.

Na nyumba ikianguka yote, ijara imevunjika kuanzia hapo. Kodi iliyolipwa mbele kwa siku zisizokaliwa hurudi kwa mpangaji, kwa sababu alichokinunua ni manufaa ya kukaa, na manufaa hayo hayapo tena. Hili si jambo dogo katika nchi yetu ambamo mtu hutakiwa kodi ya miezi sita au mwaka mzima kabla hajaingiza kitanda. Mwezi wa Novemba 2009 mvua kubwa iliporomosha mlima huko Goha, Mamba Myamba, wilayani Same, na familia zikafukiwa pamoja na nyumba zao. Mbele ya msiba kama ule aibu hutukataza kutaja kodi. Lakini msiba ukipita, walio hai hubaki na hesabu zao, na ni kheri hesabu hizo ziwe na msingi unaojulikana.

Niseme kidogo juu ya maji, maana moto si adui pekee wa nyumba. Mtume alipohamia Madina alikaa miezi kadhaa katika nyumba ya Abu Ayyub Al-Ansari, yeye chini na Abu Ayyub na mkewe juu. Usiku mmoja mtungi wa maji ulivunjika kule juu. Mume na mke walikuwa na shuka moja tu la kujifunikia, wakalitupa juu ya maji wakawa wanafuta nalo, kwa hofu tone lisipenye sakafu likamdondokea mgeni wao. Abu Ayyub ndiye mwenye nyumba, na mtungi ni wake, lakini hakungoja aulizwe hayo maji ni ya nani. Wanaoishi leo katika magorofa ya Kariakoo na Mombasa, ambako bomba la wa juu hulowesha godoro la wa chini na watu wakasemezana kwa barua za mawakili, wamjue Abu Ayyub kama jirani yao wa ghorofa.

Turudi kwenye historia. Reli ya Wajerumani ilianzia Tanga ikapita Same, na kufika mwaka 1912 ilikuwa imekwisha kufika Moshi. Mahali palipo na stesheni huzaa duka, duka huzaa karani, na karani hahami na nyumba yake mgongoni. Hivyo ndivyo chumba cha kupanga kilivyozidi kuenea katika nchi ya Wapare, ambako zamani mtu alikaa kwenye kihamba cha baba yake. Baada ya Wajerumani wakaja Waingereza, nao walikuja na sheria yao. Kwa amri ya mwaka 1923 sheria ya mali na ya wapangaji ya Tanganyika, kwa wale waliohukumiwa katika korti kubwa, ikawa ni ile iliyokuwa ikitumika Uingereza tarehe 1 Januari 1922.

Na sheria hiyo ya Kiingereza ilikuwa na moyo mgumu. Msingi wake mmoja uliwekwa mwaka 1647 katika kesi ya Paradine na Jane. Jane alikuwa mpangaji wa shamba, na katika vita vya wenyewe kwa wenyewe jeshi la Mwanamfalme Rupert likamfukuza likakaa humo. Paradine, mwenye ardhi, akadai kodi yake. Jane akasema, nilipeje kodi ya mahali nilipofukuzwa na jeshi? Majaji wakamwambia alipe, kwani aliahidi kulipa na hakuweka sharti la vita. Kwa fikra hiyo aliyeahidi kuitunza nyumba aliweza kudaiwa kuijenga upya hata kama imeungua si kwa kosa lake, na kodi isisimame. Kwa upande mwingine, sheria ya Kiingereza ya mwaka 1774 ilimkinga na madai mtu ambaye moto umeanza nyumbani mwake kwa bahati mbaya. Basi mkono mmoja ulisamehe na mwingine ukadai, na mtu alihitaji wakili wa kumwambia yuko katika mkono upi.

Mombasa na pwani ya Kenya mambo yalikuwa mengine kidogo. Huko ililetwa sheria ya India ya mwaka 1882 juu ya kuhamisha mali, na katika ardhi nyingi ilidumu mpaka ilipofutwa mwaka 2012. Ndani yake iliandikwa kwamba mpangaji airudishe nyumba katika hali aliyoikuta, isipokuwa kwa uchakavu wa kawaida na nguvu isiyozuilika. Tena kwamba moto, tufani au mafuriko yakiiharibu isifae tena kwa kazi iliyokodishiwa, mpangaji anaweza kuuvunja mkataba, maadamu uharibifu haukutokana na kosa lake. Msomaji atauona hapa ukaribu na yale ya Nawawi. Ama majaji wa Kizungu walipotaka kumsoma Nawawi mwenyewe, walimsoma kwa njia ya kuchekesha: Mholanzi van den Berg alimfasiri kwa Kifaransa huko Batavia, ambayo leo ni Jakarta, na Kifaransa hicho kikafasiriwa kwa Kiingereza mwaka 1914. Maneno ya Sham yalizunguka bahari tatu ndipo yakafika kwenye meza ya jaji, ilhali kadhi aliyeyahifadhi kwa Kiarabu alikuwa amekaa mtaa wa pili.

Siwezi kuipita Ng'ambo ya Unguja. Huko wengi walimiliki kibanda cha udongo na makuti lakini kiwanja ni cha mwingine, na mwaka 1928 watu waligoma kulipa kodi ya viwanja ilipozidi kupandishwa. Moto ukila kibanda kama kile, hasara yote ni ya mwenye kibanda, na mwenye ardhi hana alichopoteza, kwa kuwa ardhi haiungui. Hiyo ni aina ya upangaji inayostahili makala yake peke yake.

Baada ya uhuru, mwaka 1963, Tanganyika ilizifanya mahakama zake kuwa za aina moja, na mahakama za makadhi na maliwali zikakoma Bara. Unguja na Kenya makadhi wapo, lakini kazi yao imewekewa mpaka katika ndoa, talaka, mirathi na yanayofanana na hayo. Mtu hawezi kumpelekea kadhi shauri la dari iliyoungua. Tanzania Bara ilikuwa na sheria ya mwaka 1984 ya kuzuia kupandisha kodi, ikafutwa mwaka 2005. Iliyobaki na yenye nguvu ni Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001, nayo ndiyo iliyoufuta ule urithi wa Uingereza ya 1922.

Naomba msomaji aisome sheria hii pamoja nami pole pole. Inasema kwamba katika kila upangaji, hata kama haikuandikwa katika mkataba, imechukuliwa kuwa mwenye nyumba amekubali mambo haya. Nyumba ikiharibiwa na moto, mafuriko, mlipuko au ajali nyingine isiyotokana na uzembe wa mpangaji, wageni wake au wafanyakazi wake, au ikiharibiwa na dhoruba, tetemeko na mfano wake, ikawa haikaliki yote au sehemu, basi kodi husimama yote au kwa kadiri ya uharibifu, mpaka nyumba itengenezwe. Isipotengenezwa katika miezi sita, mpangaji anaweza kutoa notisi ya mwezi mmoja akaondoka. Na mpangaji kwa upande wake atairudisha nyumba kama alivyoikuta, lakini hadaiwi uchakavu wa kawaida wala ajali isiyotokana na uzembe wake. Jane wa mwaka 1647 angeisoma sheria hii angelia. Na mwanafunzi wa Minhaji akiisoma atasema: haya ninayajua.

Linalonisikitisha ni karatasi. Siku hizi watu hununua madukani mikataba iliyokwisha kuchapwa, ambayo mtu hujaza jina tu, na ndani ya baadhi yake mna mstari usemao mpangaji atalipa uharibifu wowote utakaotokea akiwa ndani ya nyumba. Uharibifu wowote! Hata radi? Wengi wa wanavyuoni wamesema kumwekea sharti la dhamana mtu ambaye mkono wake ni wa amana ni sharti batili, kwani linageuza asili ya mkataba. Wapo waliolikubali kwa hoja kwamba Waislamu hufungwa na masharti yao. Mimi, kwa ufahamu wangu mdogo, naona mwenye nyumba Mwislamu aliyetia sahihi karatasi kama ile bila ya kuisoma, na mpangaji aliyetia sahihi kwa kuwa alikuwa na shida ya chumba, wote wawili hawakukubaliana juu ya kitu.

Sasa tuirudie Kighare, ambako tumewaacha watu barazani baada ya sala ya alasiri.

Mwalimu wa madrasa alisema: mpangaji huyu ni amini, na msingi ni kwamba hadaiwi. Moto tumeuona sote, hautaki ushahidi. Linalobaki ni moja, je, ulitokana na uzembe? Na uzembe hupimwa kwa desturi ya watu wa mahali. Akataja maneno ya wanavyuoni wa Kihanafi juu ya mtu aliyepanga nyumba akawasha tanuri ikaungua: hana dhamana ila akifanya wasichofanya watu, kama kuacha tahadhari katika kuliweka au kukoka moto usiokokwa katika tanuri kama hilo. Kisha akauliza, je, kuingiza jiko la mkaa chumbani wakati wa baridi ni desturi hapa Kighare? Watu wakasema ni desturi ya kila nyumba, na mimi mgeni nikasema moyoni mwangu kwamba ni desturi ya hatari, maana jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa huua watu usingizini hata lisipounguza kitu. Akauliza tena, na kukausha nepi juu yake? Hapo wanaume wakatazamana. Mmoja akasema ndiyo, mwingine akasema siyo, na ikawa dhahiri kwamba hapana kati yao aliyepata kukausha nepi maishani mwake.

Mzee akasema, basi tumekaa hapa tangu juzi tunahukumu jambo tusilolijua, na wanaolijua wako jikoni. Akatuma kijana kwa kina mama watatu waliokubaliwa na pande zote mbili, wawili wenyeji na mmoja mke wa mwalimu mwingine, waulizwe kila mmoja peke yake. Majibu yao yalirudi kabla ya magharibi, na yalikuwa mamoja. Walisema: sote hukausha nepi juu ya jiko siku za ukungu, hapana njia nyingine. Lakini hapana atokaye nyumbani akaziacha juu ya moto. Ukitoka, unaziteremsha.

Yule kijana mwalimu aliposikia hayo aliinamisha kichwa. Alisema mkewe mwenyewe alikuwa akimwambia hivyo tangu siku ya kwanza, kwamba alisahau kuziteremsha kwa kuwa mtoto alikuwa analia, na kwamba yeye ndiye aliyemkataza kulisema barazani. Shemeji wa mjane, aliyekuwa mkali siku zote tatu, hakuwa na la kusema. Mzee akaeleza kwamba kwa sharia aliyeharibu ndiye mdaiwa, yaani mama yule katika mali yake, lakini mumewe akisimama kumlipia ni ihsani yake. Kijana akasema atalipa.

Ndipo likaja swali la kiasi. Shemeji alitaka vipya. Mzee akakataa: kilichoungua ni dari ya miaka mingi na mabati yenye kutu, na haki ya mayatima ni thamani ya kile kilichoharibika, si ya kile ambacho baba yao hakuwanunulia. Aliitwa fundi wa mahali pale akathaminisha mabati manne makuukuu, mlango mkuukuu na mbao za dari. Ama kodi ya miezi mitatu, mwalimu hakuidai tena, kwa sababu moto ulikuwa wa upande wake. Kwa sheria ya serikali jibu lingekuwa hilohilo, kwani kodi husimama pale tu ambapo mpangaji hakuzembea. Familia ikahamia chumba cha pili, na fundi akaanza kazi Jumamosi.

Mjane hakusema kitu muda wote ule. Fedha zilipoletwa alizipokea mbele ya mashahidi, akaandika katika daftari sehemu ya kila mtoto kwa jina lake, kisha sehemu yake yeye mwenyewe akaitenga akaipeleka kwa yule mama mzazi. Ile ilikuwa haki yake, na mwenye haki yake ana hiari nayo.

Nilipopanda tena Usangi, mwaka uliofuata, mwalimu alikuwa amepata uhamisho. Nilimkuta asubuhi anafagia ua, kazi iliyo ya mpangaji, mizigo imekwisha kufungwa. Chumba kilikuwa na dari mpya, maana mjane na wanawe waliongezea chao juu ya ile thamani. Mtoto wa kiume, ambaye sasa alikuwa ameanza kuota ndevu, alikuja kupokea ufunguo. Aliuangalia, akafungua mlango na kuufunga mara mbili kuona kama kitasa kinafanya kazi, kisha akamsaidia mwalimu wake kubeba sanduku mpaka barabarani kungoja basi.